Swali la Kumi na Saba

Nianze kwa kukiri, kabla hamjasikia kwa wengine: mimi nina hasira za karibu. Mama yangu alisema hivyo, mume wangu husema hivyo, na wanafunzi wangu husema hivyo nikishapinda kona. Naitwa Caren. Mwaka ule wa 2005 nilikuwa nikifundisha kutengeneza kurasa za mtandao katika chuo kidogo cha kompyuta, ghorofa ya nne, Tom Mboya Street, Nairobi, juu ya duka la viatu na fundi wa nguo za harusi. Lifti haikuwepo. Mwanafunzi akichelewa akaniambia ngazi ni nyingi, nilimwuliza kama jana zilikuwa chache.

Darasa langu lilikuwa la waanzaji. Wacha niwaeleze kidogo tulichokuwa tukifanya, na msiogope, hakuna hesabu. Kuna ukurasa wa mtandao ambao umeandikwa ukaisha, kama tangazo lililobandikwa ukutani: kila anayepita anasoma lile lile. Na kuna ukurasa ambao hutengenezwa upya kila mtu anapouomba. Wewe unaomba kutoka kwa kompyuta yako. Ombi linafika kwa kompyuta nyingine, tunayoiita seva. Seva inasoma maagizo iliyoachiwa, inapika, inakupakulia. Maagizo yenyewe huyaoni, unaletewa sahani tu. Sisi maagizo hayo tuliyaandika kwa lugha inayoitwa PHP. Basi, huo ndio msingi, na mtu akiushika, mengine ni kukumbuka mabano yanafungwa wapi.

Kupima kama wameushika, nilikuwa na mtihani wangu wa maswali arobaini. Niliutunga mwenyewe, nikauchapa mwenyewe, na nilijivunia mtihani ule kuliko harusi yangu. Kila swali lilikuwa na majibu manne, moja tu ndilo. Karatasi ya majibu ilikaa kwenye droo na ufunguo wa droo ulikaa nami. Kwa miaka mitatu sikuwa nimebadilisha hata nukta.

Muhula ule mtihani ulikuwa na uzito wake. Kampuni moja ya Upper Hill, watu wa kutengeneza tovuti, ilimwambia Jamleck, mwenye chuo, iletewe mwanafunzi mmoja, yule atakayeongoza, Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Angeanza kazi Jumatatu. Darasa lilikuwa na watu ishirini na wanne, nafasi ni moja.

Aliyeihitaji kuliko wote tulimjua sote. Mwololo alikuwa na miaka arobaini na saba, askari wa geti Lavington. Alitoka zamu saa moja asubuhi akaja darasani moja kwa moja, sweta la kazi likiwa ndani ya koti, akakaa mbele kabisa ili asisinzie. Kampuni yake ya ulinzi ilikuwa imempa barua. Mwisho wa mwezi geti lake lingewekewa mitambo, na askari wa umri wake hawangepewa geti jingine. Akikosa kazi hii angeondoa watoto wawili shuleni Riruta arudi nao kwao Mwingi. Alinieleza hayo siku moja kwenye ngazi, bila kuniomba kitu, akaendelea kupanda.

Mshindani wake alikuwa Shiku, msichana wa miaka ishirini kutoka Uthiru, ulimi mwepesi na kichwa chepesi zaidi. Nilimpenda Shiku. Alijibu kabla sijamaliza kuuliza, na alijibu kwa maneno yangu mwenyewe. Mwalimu gani hapendi hilo?

Alhamisi saa tano nilibandika matokeo ukutani. Shiku, arobaini kwa arobaini. Mwololo, thelathini na tisa. Vijana wakampigia Shiku makofi, mmoja akambeba mgongoni. Mwololo alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu, kisha akaja mezani kwangu.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Ni gani nilikosa?"

"La kumi na saba."

Akafikiri. "Ile ya saa."

"Hiyo hiyo."

Swali lenyewe lilikuwa rahisi. Umeandika ukurasa wa PHP wenye agizo la kuonyesha saa. Mtu akiufungua, saa anayoiona ni ya kompyuta gani? Jibu (a), ile anayosomea yeye. Jibu (b), seva inayotunza ukurasa. Mengine mawili yalikuwa ya kuwatega wavivu. Karatasi yangu ilisema (a). Mwololo aliandika (b).

"Mwalimu, mimi naona niko sawa."

Ai! Sijui hata kiti kilirudi nyuma saa ngapi. "Unaona uko sawa? Mzee Mwololo, mimi ndiye nimetunga swali, mimi ndiye niko na majibu, halafu wewe unaona uko sawa?"

"Swali la tisa uliuliza PHP inafanyia kazi wapi. Nikaandika kwa seva, ukanipa tiki." Hakupandisha sauti. "Sasa kama kazi yote inafanyiwa kwa seva, hiyo saa itatoka aje kwa mtu wa kusoma?"

Mtu mwenye busara angetulia hapo. Mimi nilimwita mpaka kompyuta namba tatu, na darasa zima likatufuata, maana nikikasirika hakuna anayetaka kupitwa. Nikafungua ukurasa wa saa. Ulisema saa tano na dakika ishirini. Nikageuza saa ya kompyuta, nikaifanya saa tisa alasiri. Nikaufungua ukurasa tena. Ukasema saa tisa.

"Umeona kwa macho yako? Nimegusa saa ya nani? Ya kompyuta ya anayesoma!"

"Mzee, wachana na Madam!" mmoja akasema kule nyuma, wakacheka. Nakumbuka sasa kwamba hawakucheka sana.

Mwololo hakucheka kabisa. Aliinama akatazama ile kompyuta juu mpaka chini. "Hii mashini ndiyo inasoma," akasema polepole, "na ndiyo hiyo hiyo imebeba seva. Na zikiwa mbili?"

"Zikiwa mbili ni vile vile."

"Umewahi jaribu, Mwalimu?"

"Kaa chini," nikamwambia. Tulikuwa tumesimama sote, na hakukuwa na kiti karibu.

Hakukaa. Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya kibodi. Ilikuwa imechapwa kwenye saiba, vile vibanda vya kulipia mtandao kwa dakika. Mwezi uliotangulia alikuwa ametengeneza ukurasa mdogo wa kusalimia watu, ukitazama saa ndipo uchague salamu, akauweka kwenye seva ya bure ya Wamarekani, halafu akaufungua Riruta. Ukurasa ulisema: *Habari za usiku. Saa hii ni 02:12.* Chini yake, kwa kalamu, ameandika mwenyewe kwa mistari iliyonyooka: *Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Jua linawaka. Mwololo.* Na sahihi.

"Saa ya hiyo saiba ni mbovu," nikasema.

"Haikuwa mbovu."

"Basi ulikosea kuandika maagizo. Matokeo yamebandikwa, kesho Shiku anaenda Upper Hill, tumemaliza."

Akasema, "Sawa, Mwalimu," akachukua koti lake akashuka ngazi. Nilimsikia mpaka chini.

Mchana ule sikufanya kazi ya maana. Mwalimu mzima, nilijiambia, mtu wa geti amekutoa jasho. Lakini kilichonikera si Mwololo. Ni lile neno, umewahi jaribu. Sikuwa nimejaribu. Maabara yetu ilikuwa na kompyuta kumi na mbili na hakuna hata moja iliyojuana na mwenzake, kwa sababu Jamleck kila muhula alisema ataziunganisha muhula ujao. Kila moja ilijiomba ukurasa, ikajipikia, ikajipakulia. Mtandao ulikuwa ofisini kwake tu, kwa laini ya simu, na alikaa nao kama mtu na mtoto mgonjwa. Nilijifunza kwenye kompyuta ya hivyo, nikafundisha kwenye kompyuta za hivyo. Ukurasa wangu mwenyewe haukuwa umewahi kutoka nje ya jengo. Nilikuwa nafundisha watu kuogelea kwa chaki.

Na hiyo saa 02:12 ilinikaa kichwani. Kwa nini saa nane usiku? Kama ni saa mbovu, mbona si mbovu kwa dakika? Dakika kumi na mbili zilikuwa sawa kabisa. Saa mbovu ina adabu gani hiyo, kukosea masaa na kuheshimu dakika?

Saa kumi na moja jioni nilishuka Uthiru na sikwenda nyumbani. Niliingia saiba ya Lenox, kijana wa kwetu aliyeniheshimu kwa sababu aliwahi kunisikia nikigombana na mwenye nyumba. Anwani ya ukurasa wa Mwololo ilikuwa juu ya ile karatasi, na ile karatasi, sijui ilifikaje, ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nikaandika anwani, nikangoja. Mtandao wa siku zile ulikuwa wa kungojwa.

*Habari za asubuhi. Saa hii ni 09:20.*

Nikatazama nje. Watu walikuwa wanatoka kazini na mama wa mahindi ameshawasha jiko. Nikatazama saa ya mkononi: saa kumi na moja na dakika ishirini. Dakika zilikuwa zile zile tena. Kilichonishika sasa si hasira. Ilikuwa ile hamu niliyokuwa nayo nikiwa mtoto, siku niliyofungua redio ya baba kuona anayeongea anakaa wapi.

Nikageuza saa ya kompyuta nikaifanya usiku wa manane. Nikaufungua ukurasa upya. Ukasema 09:21. Nikaifanya saa sita mchana. 09:22. Nikahamia kompyuta ya pembeni, nikabadilisha hata tarehe, nikaifanya sikukuu ya Krismasi. Ukurasa haukujali. 09:24, Habari za asubuhi.

"Madam Caren!" Lenox alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Unachezea saa. Watu wananichezea hizo saa kila siku, wakidhani watapunguza dakika. Geuza tu, Madam. Dakika zako zinahesabiwa kwa ile mashini yangu ya pale mbele. Hapa hata uandike mwaka elfu tatu, utalipa zako."

Watu wawili wakacheka. Mimi nilimtazama Lenox kama mtu aliyenimwagia maji. Kijana yule hakuwa amekaa darasani kwangu hata siku moja, na jibu la swali la kumi na saba alikuwa anafanyia biashara. Seva iko Marekani, kule ni asubuhi, na asubuhi yao ndiyo inayopikwa. Ile ya kwangu hapa Uthiru haiulizwi na mtu. Niliona aibu. Tena aibu ya kuona haya hata peke yangu, ya kutaka kujificha chini ya meza. Miaka mitatu! Nilianza kuhesabu wanafunzi waliopita mikononi mwangu na cheti changu mfukoni, nikaacha nilipopita mia mbili.

Ijumaa asubuhi sikwenda mjini kwanza. Nilishuka kituo cha James Gichuru nikaingia Lavington kwa miguu, kwenye zile barabara ambazo huoni nyumba, unaona kuta na maua. Namba ya geti niliipata kwenye fomu yake ya kujiunga. Nikabisha. Kidirisha kikafunguka, na Mwololo akaniangalia bila mshangao wowote.

"Karibu, Mwalimu. Andika jina, kitambulisho, na unamwona nani."

"Mzee, nimekuja kwako."

"Hata mimi lazima niandikwe."

Nikaandika. Safu ya saa aliijaza mwenyewe, akitazama saa kubwa ya ukutani ndani ya kibanda. Saa moja kasoro dakika kumi na mbili.

"Yangu inasema kasoro tano," nikasema. Siwezi kujizuia.

"Hiyo ni yako, Mwalimu. Kitabu ni cha geti."

Nilicheka mpaka nikashika chuma cha geti. Yeye akatabasamu kidogo, akaniletea kiti chake cha plastiki, akasimama.

"Nilienda saiba jana," nikasema.

"Nilijua utaenda."

"Ulijuaje?"

"Ile karatasi niliiacha kwa kibodi. Kuria wa darasani aliniambia uliibeba."

Maneno ya namna hii huwa yananikwama. "Uko sawa, Mzee. Ni (b). Mimi ndiye nilikosea, na nimekosea miaka mitatu, na jana nilikuaibisha mbele ya watoto. Nisamehe."

Gari lilipita nje, akaligeukia, akangoja lipite. "Ni sawa, Mwalimu."

"Si sawa! Na kuna kitu sielewi. Wiki ya tatu uliniuliza jambo hili hili darasani, nikakujibu ni ya anayesoma. Kwa hiyo ulijua karatasi yangu inasema nini. Ulijua ukiandika (b) utakosa, na ukikosa utalazimika kuhama Nairobi. Mbona hukuandika (a) upate kazi yako?"

Akashika kile kitabu, akakipangusa kwa kiganja. "Kuna wageni hufika hapa saa tatu, wananiomba niandike saa mbili, juu mkubwa wao atawafokea. Nawahurumia, kweli. Lakini siandiki. Nikiandika moja hivyo, siku kitu kikipotea, nani ataamini hicho kitabu?" Kisha akaongeza, kama mtu anayekiri utundu, "Halafu pia nilitaka kuona utafanya nini."

Nilimwambia avue sweta la kazi anifuate mjini.

Jamleck hakutaka. Alisema matokeo yameshabandikwa, alisema tutachekwa, alisema swali tutarekebisha muhula ujao pamoja na kuunganisha kompyuta. Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa hasira alizonipa. Sitarudia niliyomwambia, lakini fundi wa nguo za harusi alipanda kuuliza kama kuna usalama. Saa tatu na nusu barua ilikuwa imeandikwa na kupigwa muhuri.

Niliingia darasani, nikasimama mbele, nikasema bila kuzunguka. Swali la kumi na saba nilikosea mimi. Jibu ni (b). Nikaeleza ya saiba, nikaeleza ya Marekani, sikujitetea. Nikasema ni mtu mmoja tu aliyelipata, kwa hiyo Mwololo ana arobaini na kila mwingine anapunguziwa moja. Nikampa barua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya koti. Akamtazama Shiku, akainamisha kichwa kumsalimu, akatoka. Saa nne ilikuwa haijafika. Angefika Upper Hill hata kwa miguu.

Nikadhani nimemaliza. Nilikuwa hata nimeanza kujisikia mtu mwema.

"Madam, naweza sema kitu?" Shiku alikuwa amesimama. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

"Sema."

"Mimi nilijua ni (b)."

Nikamtazama. "Ulijua?"

"Nilijua tangu mwezi uliopita. Sasa niambie. Ningeandika (b), ungenikata maksi. Nimeandika (a), ile yako, na bado umenikata. Mimi ningefanya nini?"

Hasira ilipanda, siwafichi. Ilipanda kutoka kwenye visigino. Neno lilifika mpaka kwenye meno, lile la jana la kumwambia mtu akae chini, nikalimeza likashuka likikwaruza. Kwa sababu nilipotafuta jibu la kumpa mtoto wa watu, sikuliona. Mwololo aliandika alichokijua. Shiku aliandika nilichokitaka, na ni nani aliyemfundisha kwamba hapa ndani kinachotakiwa ni hicho?

"Sina jibu, Shiku," nikasema. "Nafasi imeenda kwa aliyeandika ukweli, na siwezi kuirudisha. Lakini wewe nimekukosea, na najua."

Hakukaa. Alikuwa akinitazama kama aliyetarajia nimfokee na sasa hajui aweke wapi mikono.

"Kuna mwingine aliyejua?" nikauliza.

Viti vikalia kidogo. Kisha Kuria akainua mkono, pale dirishani. Halafu Valarie. Halafu Haron na Nyakio pamoja. Mikono ikaendelea kupanda mpaka safu ya nyuma, mingine nusu, mingine imenyooka. Nilihesabu, nikarudia. Ilikuwa ishirini na miwili, na Shiku wa ishirini na tatu. Darasa zima lilijua, na darasa zima liliniandikia (a).

"Mlijuaje?" nikauliza. "Maabara yenyewe haijaunganishwa."

Wakatazamana. Kuria akakohoa.

"Mzee alituonyesha ile karatasi yake. Tukataka kuhakikisha. Kwa hivyo nilinunua waya, Madam. Ile ya kushikanisha kompyuta mbili. Tukashikanisha namba tatu na namba nne. Tulikuwa tunajaribu vitu saa ya lanchi."

"Vitu gani?"

"Kila kitu," Nyakio akadakia, na akasahau kuogopa. "Saa, mafomu, nini inaonekana kwa huyu na haionekani kwa yule. Kuna siku Shiku alifanya ukurasa ukajua kama umewahi ufungua. Ilikuwa noma!"

"Saa ya lanchi, hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Si ulikuwa umeenda kula," Kuria akasema. "Shem, huyu hapa, alikuwa anakaa kwa ngazi akichunga. Akisikia viatu vyako ghorofa ya pili anapiga mbinja, tunachomoa."

Shem alikuwa akitazama viatu vyake. Mwezi mzima niliteremka zile ngazi kila siku saa saba, nikala chapati na maharagwe, nikapumzika, na darasa langu lilianza nilipotoka na likafungwa niliporudi. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Walidhani ni hasira, wakashusha mikono yote mara moja.

"Huo waya mnaficha wapi?" nikauliza.

Shiku ndiye aliyetoka mahali pake, akapanda juu ya kiti, akasukuma ubao wa dari juu ya kompyuta namba nne, akavuta waya ukashuka na vumbi lake. Akaninyooshea.

"Chomeka," nikamwambia. "Nataka kuona."